Maneno ya Kiitaliano ya kufunga meli gatini: nianze na yapi?

Kijana_wa_Kiwira (Kyela)

Ugonile wakuu, na shikamooni mnaostahili.

Naomba msaada wa maneno ya Kiitaliano yanayotumika meli inapofunga gati na inapoondoka. Kazi ya kamba naijua kwa Kiswahili, kwa meli zetu za Ziwa Nyasa: kurusha ugwe, kupeleka amari, kuvika kitanzi kwenye nguzo, kukaza kwa winchi. Sasa kuna nafasi ya ubaharia wa sitaha kwenye meli ya mizigo yenye maofisa Waitaliano, na bandari zake ni Genova, Livorno na Napoli. Orodha niliyopakua imepangwa kwa alfabeti: nanga iko ukurasa wa kwanza, winchi ukurasa wa mwisho, na katikati kuna hadi vyombo vya jikoni.

Nisaidieni: nianze na yapi? *Attraccare* na *ormeggiare* vinatofautianaje? *Molo*, *banchina* na *pontile* je? Na *mollare*, *lascare*, *filare*: kamusi yangu inasema yote matatu ni "kulegeza". Natanguliza shukrani.

Serahangi_Itungi

Mdogo wangu, swali lako la mwisho ndilo la kwanza. Majina ya vitu yatakuja yenyewe, maana kitu unakiona na mtu atakuonyesha kwa kidole. Amri inatamkwa mara moja, winchi inanguruma, na kamba imeshabeba tani kadhaa. Hayo matatu ni matendo tofauti, na anayeyachanganya anaweza kumkata mwenzake mguu.

*Lascare*: kamba imekaza, unapunguza mkazo kidogo, lakini inabaki imeshika. Ukiambiwa "lasca un po'", unaachia shubiri mbili tatu kupitia mizunguko iliyopo kwenye nguzo, kisha unashika tena.

*Filare*: unaitoa kamba iende mita baada ya mita, huku mkono wako au breki ya winchi ikiitawala muda wote. Ndiyo amri ya kupeleka kamba gatini, au ya kuiacha kamba ifuate meli inaposogea.

*Mollare*: unaachia kabisa. "Molla a prua" maana yake kamba za omo (mbele ya meli) zitoke kwenye nguzo. Ila jihadhari, wengine katika mazungumzo husema "molla un po'" wakiwa na maana ya kupunguza tu. Ukisikia *molla* na hujui kama hiyo *un po'* ilifuata, shika kwanza, uliza.

Na hiyo "shika" ni neno la nne: *agguanta*. Usivute, usiachie, kaa hapo hapo. Kisha *vira*, vuta kwa winchi. Kisha *volta* au *dai volta*, funga kwenye nguzo, kamba hiyo tumemaliza nayo. Ongeza "recupera l'imbando", ondoa ulegevu: kamba iliyolegea iko *in bando*, iliyobeba mzigo iko *in forza*. Ukiyajua haya kwa mikono, siyo kwa daftari, unaweza kusimama sitahani.

Mtiririko wake ni huu, kwa meli inayolala ubavu gatini, ambako wao huita *ormeggio all'inglese*. Meli inakuja *adagio*, polepole. Omo linarusha *sagola*, ugwe mwembamba wenye kichwa kizito kilichosukwa, *pugno di scimmia*. Wafungaji wa gatini, *gli ormeggiatori*, wanaudaka na kuvuta. Ncha ya pili umeifunga kwenye kitanzi, *gassa*, cha kamba nene. Hapo amri ni *fila*: toa kamba ya kutosha wasivute kwa taabu, lakini usiimwage yote majini, hasa tezi (nyuma ya meli), maana rafadha inayoisukuma meli iko hapo chini. Kitanzi kikishavikwa kwenye nguzo (kuvika ni *incappellare*, kuvua ni *scappellare*), inakuja *vira* polepole mpaka ulegevu uishe, *agguanta* meli itulie, *vira* tena au *lasca*, na mwisho *volta*.

Mara nyingi kamba ya kwanza kwenda nchi kavu ni *spring di prua*. Inatoka omo na kurudi nyuma kuelekea tezi, ikiizuia meli isiende mbele. Nahodha anaamuru "avanti molto adagio", mbele polepole sana, huku usukani umegeuzwa upande usio wa gati. Spring inashika, omo halisogei, na tezi inasukumwa kuja gatini. Sasa hebu ona mtu aliyeambiwa *agguanta* kwenye spring akaitoa kamba. Meli inakwenda mbele ikiwa na nguvu ya injini, na mbele huenda kuna meli nyingine imelala.

Mambo mawili ya sitahani ambayo yana maneno yake na yanaumiza watu:

Winchi ina kichwa cha pembeni cha kuzungushia kamba, *campana*. Hiyo ni ya kuvutia tu, kamba haiachwi hapo. Unaihamishia kwenye *bitta*, nguzo ya kufungia, na wakati wa kuihamisha kuna *bozza*, kamba fupi iliyofungwa chini kabisa, inayosokotwa mara kadhaa juu ya kamba yenye mzigo ili iishike kwa muda. Amri ni *abbozza*. Kosa la kawaida ni kuitoa kamba kwenye campana ghafla: bozza inapokea mzigo wote kwa mshtuko, inateleza, na kamba inakimbia. Legeza campana taratibu mpaka uone bozza imejikaza, ndipo utoe mizunguko upesi na kupeleka kwenye bitta. Kwa kamba za sintetiki usitumie bozza ya nailoni. Kwa kamba ya waya, bozza ni ya mnyororo.

Kwenye bitta ya nguzo mbili, zungusha kamba kamili mara 1 au 2 kwenye nguzo ya kwanza inayopokea mzigo, kisha piga nane 4 au 5. Ukianza na nane moja kwa moja, kamba inajibana, na siku ya *lasca* utaisukuma na haitateleza, halafu itaruka yote kwa mara moja.

Mwalimu_Kalenga (Iringa)

Serahangi amesema vizuri, nami naongeza matamshi, kwa sababu kijana anatoka Kyela.

Tazama *vira* na *fila*. Moja ni vuta, nyingine ni toa: kinyume kabisa. Tofauti yake ni v na f mwanzoni, r na l katikati. Kinyakyusa hakitofautishi r na l kama Kiitaliano kinavyofanya, na wengi wetu wa nyanda za juu tunateleza hapo hata kwenye Kiswahili. Ukitamka *vira* kama "vila", mwenzako mwenye kelele za winchi masikioni atasikia *fila*. Na *fila* ukiitamka kwa r inageuka tusi la Kiswahili, jambo linalowafanya wengine waimeze wanapowapigia kelele Watanzania wenzao. Usiimeze. Rudia jozi hii kwa sauti kubwa: *vira* kwa ulimi unaotetema, *fila* kwa ulimi uliogusa ufizi. Na kila mara ambatanisha na ishara ya mkono mliyokubaliana kabla ya kamba ya kwanza kurushwa, maana ishara hutofautiana kati ya meli na meli.

Irabu tano tunazo tayari, hapo hakuna kazi. Herufi za kuangalia:

*ci* na *ce* ni "chi" na "che": *cima* ni "chima". *chi* na *che* ni "ki" na "ke": *banchina* ni "bankina". *gherlino*, kamba nene, ni "gerlino". *ormeggio* ni "ormejo", ukibana j. *galloccia* ni "galocha".

*sc* ndiyo mtego mkubwa. *Lasca* ni "laska", punguza mkazo. *Lascia* ni "lasha", acha. Ukisikia "lasha" ni *lasciare*, wala siyo amri ya kupunguza taratibu. Mara nyingi ni "acha hicho, usikiguse".

Konsonanti mbili zinashikwa kidogo. *Molla* ina l mbili, usiipitishe haraka kama Mola.

Kama una nafasi ya kufika Iringa, misheni za Wakonsolata, wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia, zimeacha watu wanaozungumza Kiitaliano kizuri. Watakunyoosha ulimi. Maneno ya kamba usiwatarajie wayajue.

Baharia_wa_Matema

Mkuu, kabla hajameza Kiitaliano chote: kwenye meli za mataifa mchanganyiko lugha ya kazi mara nyingi ni Kiingereza, na IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, ilipitisha misemo yake sanifu ya mawasiliano baharini mwaka 2001. Hiyo aijue kwanza. Kiitaliano ni cha pili.

Serahangi_Itungi

Kweli, na mtihani wa ajira utakuwa huo. Lakini kwenye bandari za Italia, rubani wa bandari anapozungumza na *rimorchiatori* (meli za kuvuta) na ormeggiatori kwenye redio, ni Kiitaliano. Waliopo gatini wakipiga kelele "agguanta!" hawatafsiri. Na serahangi wa Kiitaliano, *nostromo*, kamba ikianza kulia hatakumbuka Kiingereza. Kijana ajifunze vyote viwili.

Mtaalamu_wa_Gati (Mbeya mjini)

Nijibu yaliyobaki.

*Attraccare* ni tendo la meli kufika na kugusa gati. *Ormeggiare* ni kuifunga ikae. Meli inaweza kuwa *attraccata* kwa dakika kumi ikishusha abiria huku imeshikwa na kamba moja; ikishafungwa kamba zote ni *ormeggiata*. *Approdare* ni kufika nchi kavu kwa ujumla. Kuna *accostare* ambalo hukulitaja: "accostare alla banchina" ni kusogea gatini, lakini "accosta a dritta" ni amri ya kugeuza meli kulia ikiwa safarini. Angalia kinachofuata neno.

*Molo* ni ukuta au jengo zima linaloingia majini. *Banchina* ni ule ukingo ambao meli inalala na mizigo inashushwa. Molo mmoja una banchina zake. *Pontile* ni daraja la kufungia meli lililosimama juu ya nguzo, maji yanapita chini. *Darsena* ni bwawa la bandari lililozungukwa na gati. Genova utakuta pia *calata*, ambayo kwa kazi yako ni gati tu. Sehemu yenye mteremko ya kuvutia meli nje na kuiteremsha majini, kama pale zinapoundwa meli Itungi, ni *scalo*. Tendo la kuiteremsha meli mpya ni *varo*.

Upande wa kulia wa meli ni *dritta*, kushoto *sinistra*. Usiseme *destra* sitahani. Orodha yako huenda ina *tribordo* na *babordo*; ni ya vitabuni, sahau. Na ukiwa mjini ukaambiwa "sempre dritto" ni nyoosha mbele, hakuna kulia hapo. *Prua* ni omo, *poppa* ni tezi.

Kamba kwa jumla ni *cavo* kwenye meli kubwa, *cima* kwenye vyombo vidogo, ingawa utasikia zote. Kila mwisho wa meli, omo na tezi, una tatu za msingi: *cavo alla lunga*, inayokwenda mbali mbele (au mbali nyuma, kwa tezi), *traversino*, inayokwenda moja kwa moja mraba kwa gati, na *spring*, inayorudi kuelekea katikati ya meli. Traversino inazuia meli isiachane na gati. Spring na alla lunga zinazuia isiende mbele na nyuma. Rubani akisema "due e uno" omo na tezi, anataka alla lunga 2 na spring 1 kila mwisho.

Vyombo: *passacavo* ni tundu au magurudumu ambayo kamba inapitia ukingoni mwa meli; *galloccia* ni kishikio chenye pembe mbili kwenye boti; *verricello* ni winchi; *parabordo* ni kinga ya ubavu, kazi ambayo huku kwetu matairi ya lori yanaifanya vizuri; *scalandrone* ni ngazi ya kushukia gatini. Kamba iliyokunjwa sitahani kwa mizunguko iko kwenye *duglie*, na kuikunja ni *addugliare*. Usikanyage ndani ya duglia hata kama kamba imelala kimya.

Jambo moja la gatini ambalo naona watu wanalikosea hata huku ziwani: nguzo moja, vitanzi viwili vya meli mbili. Ukivika chako juu ya cha mwenzako, yeye hawezi kuondoka mpaka wewe uvue. Chukua kitanzi chako, kipitishe kutoka chini ndani ya kitanzi kilichokwisha kuwepo, kisha kivike kwenye nguzo. Hapo yeyote anaweza kutoka kwanza. Ormeggiatori watakuangalia kwa hilo.

Kijana_wa_Kiwira

Asanteni sana wakuu, sasa naona njia. Swali la pili: nimeona picha za Napoli, meli ndogo na boti zimefunga kwa tezi, omo likitazama nje. Ziwani hatufanyi hivyo. Nanga inaingiaje hapo? Na kwenye kuondoka, ni amri zipi?

Nahodha_Nyasa

Huo ni *ormeggio di poppa*. Mediterania sehemu kubwa haina kupwa na kujaa kwa maana kama ya Dar es Salaam, hivyo ngazi ya tezi inaweza kukaa kwenye gati siku nzima, na vyombo vingi vinaenea kwenye gati fupi. Vikiwa vimepangana bega kwa bega hivyo, vimekaa *in andana*. Kaskazini mwa Adriatiki, upande wa Venezia, maji hupanda na kushuka takriban mita moja, huko kamba zinahitaji kuangaliwa zaidi.

Nanga ndiyo inayoshika omo. Amri ya kuitupa ni "dai fondo", na tendo ni *dare fondo*. Meli inarudi nyuma kuelekea gati huku mnyororo unatolewa: *fila catena*. Urefu uliotolewa ni *calumo*. Kwa boti, mara 3 hadi 5 ya kina cha maji ndiyo kiasi cha chini katika hali nzuri. Meli kubwa huhesabu kwa *lunghezze*, vipande vya mita 27.5. Ukiwa kwenye winchi ya nanga utaulizwa mnyororo unaelekea wapi na kama umekaza; jibu kwa mkono na kwa mdomo. *A picco* ni mnyororo umesimama wima, nanga iko chini yako. *Spedata* ni nanga imeng'oka kwenye udongo.

Neno la hatari ni *ara*. "L'ancora ara", nanga inaburuta. Kitenzi ni *arare*, kile kile cha kulima kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe, na ndicho kinachotokea chini: nanga inachimba mfereji badala ya kushika. Mara nyingi sababu ni calumo fupi. Tiba ya kwanza ni kutoa mnyororo zaidi kama kuna nafasi, siyo kuukaza. Ukikaza unainua shina la nanga na kuifanya iachie kabisa. Kwenye ormeggio di poppa nafasi hiyo huna, hivyo inabidi injini iwe tayari na mtoke mrudie upya. Trieste kuna upepo wa *bora*, kavu na wa ghafla, unaoshuka kutoka nchi kavu. Sisi tunaujua mwera unavyolifanya ziwa kati ya Mei na Agosti, lakini mwera unakuja na mawimbi kutoka kusini na unayaona. Bora inakupiga ukiwa gatini penye maji tulivu, na kamba zilizokuwa in bando zinakazwa kwa kishindo.

Kwenye kuondoka: "posto di manovra" ni kila mtu kituoni kwake. Kamba zinapunguzwa mpaka zibaki chache. Mara nyingi spring di prua inabaki ya mwisho. Usukani unageuzwa kuelekea gati, "avanti molto adagio", na tezi inajitenga. Weka parabordo omo kabla, maana omo linaegemea gati kwa nguvu zote. Kwa hiyo tezi inafunguliwa kwanza: "molla tutto a poppa". Afisa wa tezi harudishi "poppa libera" mpaka kamba ya mwisho imetoka majini na iko mbali na rafadha. Hapo usimpe nahodha jibu la kumridhisha. Kamba ya polipropilini inaelea na unaiona. Ya poliesta inazama, na kama hujaiona ikipanda ukingoni basi bado iko majini. Rafadha ikishaila, ni mzamiaji na kisu.

Mtaalamu_wa_Gati

Niongeze *doppino*. Kwenye boti au meli ndogo isiyo na mtu gatini, kamba inatoka melini, inazunguka nguzo, inarudi melini. Ncha zote mbili ziko mikononi mwako. Kuondoka unaachia moja na kuvuta nyingine. Ncha unayoiachia isiwe na kitanzi wala fundo, hata dogo la kuzuia isichambuke, kwa sababu litakwama kwenye nguzo meli ikiwa tayari inakwenda. Vuta kwa mwendo mmoja usiokatika. Ukivuta kwa kushtukiza, ncha inajipiga mjeledi na kujizungusha kwenye nguzo.

Kijana_wa_Kiwira

Nimeelewa mkuu. La mwisho: "tunaondoka" ni *salpare*?

Serahangi_Itungi

*Salpare* ni kung'oa nanga. Watu huitumia pia kwa kuanza safari, utaiona kwenye tangazo la abiria. Meli ikiwa imefungwa kwa kamba gatini, afisa atasema *mollare gli ormeggi*, au "molla" na jina la kamba. Nawe rudia amri kwa sauti kabla ya kuigusa: "molla spring!" Akisikia umerudia jina lisilo lake, ana nafasi ya kukuzuia.